Adapta ndogo, hatari kubwa: Umeme wa majukwaani Masisi na Walikale

Katika sehemu kubwa ya Masisi na Walikale, onyesho la usiku huanza kwa sauti ya jenereta. Mmoja anavuta kamba, mwingine anatandaza waya juu ya majani, na wa tatu anatafuta namna ya kuingiza plagi yenye miguu mitatu bapa kwenye soketi yenye matundu mawili ya duara. Kinachomaliza mjadala ni kitu kidogo kuliko kiganja cha mkono: adapta. Ikishachomekwa, taa zinawaka, watu wanashangilia, na hakuna anayeikumbuka tena.

Kifaa hicho kinachosahauliwa ndicho kinachopaswa kuangaliwa kwanza. Kupitia adapta moja hupita umeme wote wa taa za jukwaa, wakati mwingine pamoja na vipaza sauti na kompyuta. Ikiwa mbovu, hitilafu yake haionekani mpaka msanii aliyeloa jasho aguse nguzo ya chuma, au mpaka plastiki ianze kunuka.

Vikundi vya maigizo, kwaya za makanisa, wanamuziki wa harusi na waendesha sinema za usiku wote wanatumia vifaa vya namna hii. Katika Kivu Kaskazini maigizo si burudani peke yake. Mashirika ya kujenga amani, likiwemo Search for Common Ground, yamekuwa yakitumia maigizo shirikishi mashariki mwa Kongo, ambapo wakazi wanaitwa kuingia jukwaani na kujadili ugomvi wa mashamba, ndoa au makabila. Maana yake ni kwamba anayekanyaga nyaya za jukwaani si fundi wala msanii tu. Anaweza kuwa mama aliyepandishwa jukwaani kutoa maoni, au mtoto aliyesogea mbele ili aone vizuri.

Plagi za nchi nne katika sanduku moja

Tatizo linaanzia kwenye ramani. Kwa mujibu wa orodha ya Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inatumia plagi za aina C, D na E. Aina C ni ile nyembamba ya miguu miwili ya duara. Aina E ni ya Kifaransa na Kibelgiji, yenye miguu miwili na tundu la kupokea pini ya ardhi inayotokeza kwenye soketi. Aina D ina miguu mitatu minene ya duara.

Ukivuka kwenda Uganda unakuta aina G ya Kiingereza, yenye miguu mitatu bapa na fyuzi ndani yake. Rwanda imeorodheshwa kuwa na aina C na J. Burundi ni C na E. Bidhaa za Goma hupitia mipaka hiyo, nyingine zikitoka Dubai, China au Ulaya zikiwa zimeshatumika. Tangu mji wa Goma uchukuliwe na M23 mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wake wa ndege kufungwa, njia za Uganda na Rwanda zimekuwa muhimu zaidi kwa wafanyabiashara.

Kwa hiyo kikundi kimoja kinaweza kuwa na taa zilizonunuliwa Kampala, kipaza sauti kilichotoka Ubelgiji, na jenereta yenye soketi za Schuko, zile ambazo ardhi yake ni vibati viwili vya pembeni. Bila adapta, hakuna kinachowaka.

Vifaa vya kitaalamu vilivyotumika Uingereza vina jambo lao la ziada. Taa za tamthilia huko kwa miaka mingi zimefungwa plagi ya ampea 15 yenye miguu mitatu ya duara, isiyo na fyuzi. Sababu ni ya kiutendaji: taa hutundikwa juu, na hakuna anayetaka kupanda ngazi katikati ya onyesho kubadilisha fyuzi. Kinga huwekwa chini, kwenye mtambo wa kudhibiti mwanga. Taa hiyo ikifika Sake au Mubi na kuchomekwa kwa adapta kwenye jenereta, inakuwa imeacha kinga yake Ulaya.

Waya wa tatu unapopotea

Taa ya jukwaa yenye mwili wa chuma inahitaji nyaya tatu. Wa kwanza, ambao mafundi wengi wa Kongo huuita fazi, unaleta umeme. Wa pili, nyutro, unaurudisha. Wa tatu, wa kijani na njano, ni wa ardhi. Huo hauna kazi yoyote siku njema. Kazi yake ni siku ambayo fazi inachubuka ndani na kugusa chuma cha taa. Hapo waya wa ardhi unatoa njia rahisi ya umeme kurudi, mkondo unakuwa mkubwa ghafla, na fyuzi au kikata-umeme kinakata.

Adapta nyingi za bei nafuu zinauza miguu miwili tu. Kwa nje zina matundu matatu, kwa hiyo plagi ya Uganda inaingia vizuri, lakini ndani tundu la tatu halikuunganishwa na chochote. Zipo pia zile zinazoitwa za nchi zote, ambazo plagi yoyote huingia. Plagi ya Schuko au ya Kifaransa ikiingia humo, sehemu yake ya ardhi mara nyingi haigusi kitu. Taa inawaka kama kawaida, na mtu anaridhika. Waya wa ardhi upo kuanzia kwenye taa mpaka kwenye plagi, kisha unaishia hewani.

Mwili wa binadamu hauhitaji umeme mwingi kudhurika. Kiasi cha miliampea 10 kinaweza kukaza misuli mpaka mkono ushindwe kuachia. Miliampea 30 zikipita kifuani kwa muda zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na ndiyo sababu vikata-umeme vya kulinda watu hupangwa kukata kwenye kiwango hicho. Balbu ya kawaida ya wati 60 kwenye volti 220 inavuta takriban miliampea 270. Balbu moja tu inakula karibu mara tisa ya kiasi hicho.

Jukwaa limewahi kuua katika nchi zenye mafundi na sheria. Tarehe 3 Mei 1972, mpiga gitaa Les Harvey wa kundi la Stone the Crows alikufa mjini Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni ambayo haikuwa na ardhi. Julai 2017, mwimbaji Mfaransa Barbara Weldens alifariki kwa kupigwa na umeme akiwa katika onyesho ndani ya kanisa huko Gourdon. Nchini Kongo kwenyewe, waya wa umeme mkubwa ulioanguka kwenye soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, tarehe 2 Februari 2022, uliua watu 26. Mkasa huo ulikuwa wa gridi, si wa jukwaa, lakini maji yaliyotuama sokoni na watu waliosongamana ni mazingira ambayo kila mwandaaji wa onyesho la wazi anayafahamu.

Hesabu ambayo haipigwi

Hatari ya pili ni moto. Soketi ya kawaida ya Ulaya inabeba ampea 16. Plagi nyembamba ya aina C iliundwa kwa ampea 2.5 tu, yaani redio, chaja na vitu vidogo. Adapta iliyojengwa kwa mfano huo ikibebeshwa jukwaa zima inazidiwa hata kama haionyeshi dalili mara moja.

Taa za zamani za halojeni aina ya PAR 64 hutumia wati 1,000 kila moja. Gawanya kwa volti 220, unapata ampea 4.5. Taa nne ni ampea 18, tayari zimezidi soketi moja. Taa za kisasa za LED zimepunguza mzigo huo sana: kumi za wati 100 ni ampea 4.5 tu. Hiyo ni sababu nzuri ya kununua LED, lakini imezaa pia tabia ya kuunganisha kila kitu kwenye ralonji moja kwa kuwa "LED hazili umeme".

Joto halitokani na mzigo peke yake, linatokana pia na mgusano mbaya. Mgusano uliolegea wenye ukinzani mdogo wa omu 0.1 ukipitishwa ampea 10 unatoa wati 10 za joto ndani ya kasha la plastiki. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Kwa hiyo adapta iliyovumilia redio kwa mwaka mzima inaweza kuyeyuka kwa saa moja ya taa.

Waya wa kuviringisha kwenye gurudumu nao una mtego wake. Magurudumu mengi yameandikwa viwango viwili vya wati: cha juu ukiwa umefunguliwa wote, na cha chini sana ukiwa umeviringishwa. Katika ukumbi mdogo watu hufungua mita tano na kuacha arobaini zimezungushwa, zikipashana joto.

Jenereta, mvua na miamba ya lava

Goma ina umeme wa mabwawa ya Virunga, likiwemo la Matebe lililozinduliwa mwishoni mwa 2015, na wa kampuni ya Nuru, iliyofungua mtambo wa jua wa megawati 1.3 mwaka 2020. Ukitoka Goma kuelekea ndani ya Masisi na Walikale, watu wengi wanategemea jenereta na paneli za jua. Hapo ndipo wataalamu wengi waliosomea umeme wa gridi hujikwaa.

Jenereta nyingi ndogo za kubebeka hazijaunganisha nyutro na fremu yake ya chuma. Mtu akigusa waya mmoja wenye hitilafu, umeme hauna njia kamili ya kurudi, na anaweza asihisi kitu. Hilo linadanganya. Hitilafu ya kwanza inakaa kimya, labda kwa miezi. Ya pili ikitokea kwenye waya mwingine, taa mbili mbovu zinakuwa kama matundu mawili ya soketi moja, na anayeshika moja kwa kila mkono ndiye anayekamilisha njia. Kikata-umeme cha miliampea 30 hakitakata, kwa sababu umeme unaokwenda na unaorudi ni sawa.

Ili kikata-umeme hicho kifanye kazi, upande mmoja wa jenereta unapaswa kuunganishwa na fremu kabla ya kufika kwenye kikata-umeme, na nyaya za ardhi za vifaa vyote zirudi kwenye fremu hiyo hiyo. Kazi hiyo ni ya fundi anayeijua jenereta yenyewe, kwa sababu si zote zimejengwa sawa. Kitufe cha majaribio kilichoandikwa T nacho kisieleweke vibaya. Kinathibitisha kwamba chombo kinaweza kukata, lakini hakithibitishi kwamba ardhi ipo.

Chuma cha ardhi kinachopigiliwa chini nacho kinategemea mahali. Kati ya Goma na Sake kuna maeneo ya lava ya volkano ambako chuma hakizami na mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri. Katika udongo wenye unyevu wa msitu wa Walikale kinazama kwa urahisi. Ndiyo maana kurudisha nyaya za ardhi kwenye fremu ya jenereta ni muhimu kuliko kuutegemea udongo peke yake.

Mvua inafanya kila kitu kuwa kibaya zaidi. Kwenye milima ya Masisi hunyesha ghafla, na katika msitu wa Walikale unyevu haukauki. Adapta za ndani ya nyumba hazina kinga ya maji. Plagi za bluu za ampea 16 za kiwandani, zenye kifuniko na pini tatu, ziliundwa kwa kazi za nje na haziruhusu kuchomekwa kinyume. Ni ghali kuliko adapta, lakini kikundi kikibadilisha vifaa vyake vyote kuwa na plagi hizo, kinahitaji kiunganishi kimoja tu kilichotengenezwa vizuri kwenye jenereta badala ya adapta kumi.

Namna ya kupima

Nchini Uingereza, kanuni za umeme kazini za mwaka 1989 zinataka vifaa vitunzwe vikiwa salama, na majumba ya tamthilia yana desturi ya kupima kila taa, waya na adapta na kubandika kibandiko chenye tarehe. Mashine ya kazi hiyo ni ghali kwa kikundi cha Kitshanga au Walikale-centre. Lakini sehemu kubwa ya hitilafu hugunduliwa kwa macho na mikono, na nyingine kwa mita ya kawaida ya fundi.

Kwanza, kuangalia. Umeme ukiwa umezimwa na kifaa kimechomolewa, tafuta rangi ya kahawia kuzunguka matundu, plastiki iliyojikunja, ufa, pini inayocheza, na waya ulioshikwa kwa gundi ya karatasi. Nusa. Tikisa: sauti ya kitu kinachogonga ndani inatosha kuitupa.

Pili, sumaku. Pini nzuri ni za shaba nyeupe au ya njano, ambazo sumaku haizishiki. Pini ikivutwa na sumaku, ni chuma kilichopakwa rangi, na kitapata joto na kutu.

Tatu, fyuzi. Fungua plagi ya Uganda uone. Ikiwa ndani kuna kipande cha msumari au karatasi ya sigara badala ya fyuzi, plagi hiyo haina kinga. Taa ndogo inahitaji fyuzi ya ampea 3, si 13.

Nne, njia ya ardhi. Weka mita kwenye omu, gusanisha ncha zake mbili na uandike namba inayotokea. Kisha gusa chuma cha taa kwa ncha moja na sehemu ya ardhi upande wa mwisho wa adapta kwa nyingine. Ukitoa namba ya kwanza, kinachobaki kiwe karibu na sifuri. Mita isipoonyesha chochote, ardhi imekatika. Tikisa waya huku ukitazama: namba ikirukaruka, waya unakaribia kukatika.

Tano, kutogusana. Katika adapta iliyochomolewa, pasiwe na mawasiliano kati ya fazi, nyutro na ardhi. Hapa mita ya kawaida ina mpaka wake. Inapima kwa volti chache za betri, wakati kipimo halisi cha ngozi ya waya hufanywa kwa volti 500, na kwa taa za chuma zenye ardhi kinatakiwa kisipungue megaomu moja. Waya ulioloa unaweza kufaulu mtihani wa betri na kufeli ule wa volti 500. Mafundi wa mitambo na wa hospitali mara nyingi wana chombo hicho, na vikundi kadhaa vinaweza kupeleka vifaa vyao kupimwa siku moja.

Sita, upande. Plagi za Schuko huingia kwa namna mbili, na adapta huweza kugeuza fazi na nyutro. Swichi ya taa ikikata nyutro tu, taa inazimika huku shikio la balbu likiwa bado na umeme. Kanuni rahisi: hakuna kubadilisha balbu kwa kuzima swichi. Chomoa.

Saba, mzigo. Washa taa zote kwa nusu saa kabla watu hawajaja. Zima, chomoa, kisha gusa plastiki ya kila adapta kwa nyuma ya vidole. Vuguvugu inavumilika. Ikikufanya uondoe mkono, haifai.

Kilichofaulu kipewe namba kwa rangi na kiandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Kilichofeli kikatwe miguu. Adapta mbovu iliyowekwa kando ikiwa nzima itarudi jukwaani siku vifaa vitakapopungua.

Nani anawajibika?

Kongo ina Ofisi ya Udhibiti, OCC, yenye jukumu la kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia, na sheria ya umeme ya Juni 2014 ilifungua sekta hiyo kwa wawekezaji binafsi. Lakini vita vimegawa mamlaka. Walikale-centre ilichukuliwa na M23 mwezi Machi 2025 na wapiganaji hao wakaondoka mwanzoni mwa Aprili, wakati sehemu kubwa ya Masisi ilibaki mikononi mwao. Katika hali hiyo, ukaguzi wa mwisho wa adapta hufanyika mkononi mwa anayeinunua.

Usafirishaji nao unaongeza uzito wa uamuzi huo. Barabara ya Goma kwenda Walikale kupitia Sake na Masisi ni mbovu na mara nyingi hufungwa na mapigano. Kwa muda mrefu mizigo ya Walikale imetegemea ndege ndogo zinazotua Kilambo, kwenye kipande cha barabara ya lami. Kifaa kilichoungua hakibadilishwi kesho yake. Ndiyo maana vikundi huendelea kukitumia, na ndiyo maana kununua vichache vilivyo imara kuna faida kuliko kununua vingi vya ovyo.

Wafadhili wa maigizo na mikutano ya uhamasishaji wana nafasi yao. Bajeti zao huandika usafiri, posho na mafuta ya jenereta. Mstari mmoja wa kikata-umeme, waya wa milimita 2.5 na siku ya fundi ungegharimu kidogo kuliko mafuta ya maonyesho machache.

Ajali ikitokea

Aliyenaswa na umeme asiguswe. Zima jenereta kwanza. Ikishindikana, msukume waya kwa mti mkavu ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Hata akiamka na kusema amepona, apelekwe kituo cha afya, kwa sababu moyo unaweza kuvurugika baadaye. Kutoka vijiji vingi hospitali kuu ya rufaa ya Masisi, ambayo Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, wameisaidia kwa miaka mingi, iko mwendo wa saa kadhaa.

Kwa hiyo kabla ya onyesho, kikundi kimteue mtu mmoja asiyeigiza wala kuimba. Asimame karibu na jenereta, ajue swichi yake iko wapi hata gizani, na awe na ruhusa ya kuzima bila kumuuliza mtu yeyote.